Lettera, Hermes au Olympia: taipureta ya kubeba inayofaa kununua na kutengeneza

Anayetafuta taipureta ya kubeba siku hizi huanza na jina. Kasikia Hermes 3000 ndiyo yenyewe, au kaona Olivetti imepigwa picha kando ya kikombe cha kahawa, basi kichwani hakuna nyingine. Mimi ninayezifungua na kuzifunga naanzia kwingine: mashine hii iliyo mezani inaumwa nini, na dawa yake inapatikana wapi? Nyingi kati ya nitakazozitaja zimepita miaka hamsini. Hata ile inayong'aa ina kasoro yake, na nembo ya mbele haikuambii kama kasoro hiyo itaondoka kwa mswaki na spiriti au itakula pesa kuliko bei ya mashine yenyewe.

Ubovu wa taipureta ni wa aina tatu, na ulinganisho wote huu unasimama hapo. Kuna uchafu: wino mkavu, vumbi, nyuzi za riboni (utepe wa wino), grisi iliyoganda, mafuta ambayo mtu alimimina zamani akidhani anasaidia. Huo unatisha kwa macho lakini ni wa bei nafuu kabisa. Kuna mpira: rola kubwa inayoshika karatasi iliyogeuka jiwe, rola ndogo za chini zilizobonyea upande mmoja, vikalio vya mpira ndani ya bodi vilivyooza. Huo unatengenezeka, kwa gharama au kwa ujanja. Halafu kuna chuma: nyundo ya herufi iliyokatika, fremu iliyopinda baada ya mashine kuanguka, kutu iliyotafuna springi nyembamba. Mashine ya namna hiyo inunue tu kama unataka vipuri.

Mashine tatu zinastahili kuwekwa meza moja, kwa sababu zote zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeandika kweli kweli na zote bado zinapatikana.

Mashine zenyewe

Olivetti Lettera 22 ilianza kutoka Ivrea, Italia, mwaka 1950. Umbo lilichorwa na Marcello Nizzoli, mitambo ni kazi ya Giuseppe Beccio, na mwaka 1954 ilipata Compasso d'Oro, tuzo kubwa ya ubunifu wa vifaa nchini humo. Bila mkoba ina uzito wa kilo 3.7 hivi, na kimo chake ni sentimita 8, kwa hiyo inaingia kwenye begi pamoja na karatasi zako. Mwaka 1963 ikafuata Lettera 32, ambayo ndani ni ndugu wa damu na nje ina kona kali zaidi. Olivetti ilizitengeneza pia Glasgow na Barcelona, na wingi huo ndio unaorahisisha kupata ya pili ya kukatia vipuri.

Hermes 3000 ni ya Uswisi, kazi ya kampuni ya Paillard ya Yverdon, hao hao waliotengeneza kamera za sinema za Bolex. Ilitoka mwaka 1958 ikiwa na bodi ya mviringo yenye rangi ya kijani hafifu na vitufe vya kijani. Baadaye ikapewa bodi ya kona kona, na kwenye miaka ya 1970 plastiki ikaingia. Wanaoipenda karibu wote wanaisema ile ya mviringo, na hapo nakubaliana nao.

Olympia SM9 ni ya Ujerumani Magharibi. Kampuni ilikuwa Erfurt kabla ya vita. Nchi ilipogawanyika, Olympia ikaendelea Wilhelmshaven, mji wa bandari upande wa kaskazini, na kiwanda cha Erfurt kikabaki mashariki kikitumia jina la Optima. SM9 ilikuja mwaka 1964. Haina sura ya kuvutia watu sebuleni. Ni nzito, zaidi ya kilo 6, na chuma chake kimekaa kama cha mtu aliyekusudia kitumike na watoto wa mteja wake.

Herufi a kwanza

Wanaoandika kuhusu taipureta kwa Kiingereza hawana haja ya kulijua hili, lakini sisi tunayo. Kiswahili kinakula herufi a kuliko nyingine yoyote. Chukua sentensi ya kawaida, "Asha alipanda basi la asubuhi". Ina herufi 25, na 8 kati yake ni a. Sasa kwenye kibodi ya mpangilio wa Kiingereza, a inapigwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Taipureta haina umeme wa kusawazisha nguvu zako. Ukigonga kwa ulegevu, wino unatoka kwa ulegevu, na ukurasa mzima unakuwa na a zilizopauka katikati ya herufi nyeusi.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa mashine yoyote ni mstari mzima wa maneno kama "kazana", "sahaba", "tafadhali", "wanafanana", yaliyopigwa kwa mwendo wa kawaida bila kujikaza. Halafu naangalia karatasi kwenye mwanga.

Hapa Hermes 3000 inaongoza. Kitufe kinashuka kwa ulaini, na mguso unaishia mapema kabla kidole hakijachoka. Mtu mwenye vidole vyembamba, au aliyezoea kibodi ya kompyuta, anatoa a nzuri tangu ukurasa wa kwanza. Olympia SM9 inafuata kwa karibu sana. Mguso wake ni mkavu na wa haraka, na ina kirekebishi cha uzito wa vitufe ndani, chini ya kifuniko cha riboni, kwa hiyo unaweza kuulegeza ukufae. Lettera inataka kidole kiende ndani zaidi na kugonga kwa uhakika. Si kasoro kwa aliyejifunza kutaipu kwenye mashine, lakini anayeanza ataona a zake hafifu kwa wiki kadhaa mpaka mkono uzoee.

Mpangilio wa kibodi ni jambo la kuuliza kabla ya bei. Hermes na Olympia nyingi zilizoko Ulaya zina mpangilio wa Kijerumani, ambapo y na z zimebadilishana nafasi. Kwa Kiswahili hilo ni balaa la pekee. Mwingereza akikosea hapo anaona mara moja neno limeharibika. Wewe ukikosea, "nyumba ya wageni" inakuwa "nyumba za wageni", sentensi inabaki sahihi, jicho linapita, na barua inafika ikisema kitu kingine. Kwa anayeandika Kiswahili kila siku, sishauri mpangilio huo hata mashine ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Mpangilio wa Kifaransa ni suala tofauti. Lubumbashi, Bukavu, Goma, Bujumbura, huko watu wamekulia kwenye kibodi hiyo, na mikono yao inajua kwamba a iko safu ya juu na m iko kando ya l. Kwao Hermes iliyouzwa Ufaransa au Lettera iliyouzwa Ubelgiji inafaa kuliko yenye mpangilio wa Kiingereza. Kumbuka tu kwamba kwenye kibodi hiyo tarakimu zinahitaji shifti, kwa hiyo anayeandika ankara na hesabu atafanya kazi zaidi. Wengine wote, kuanzia Mombasa hadi Mbeya, tafuteni ya Kiingereza.

Kuna alama mbili za kuangalia. Ya kwanza ni ile ya ng'ombe na ng'ambo. Kwenye taipureta nyingi za Kiingereza za wakati huo iko juu ya 8, na lazima ubonyeze shifti katikati ya neno. Ya pili ni =, tunayoitumia kwenye bei, 500/=. Baadhi ya mashine ndogo hazina kabisa. Usishangae pia ukikosa tarakimu 1. Wengi walitumia herufi l ndogo, na mashine hazikupungukiwa kitu kwa hilo.

Shifti

Kuna taipureta ambazo ukibonyeza shifti, keriji yote, yaani sehemu inayobeba rola na karatasi, inanyanyuka. Na kuna ambazo keriji inatulia na kinachoshuka ni segmenti, kile chuma cha nusu duara chenye mifereji ambamo nyundo za herufi zimekaa. Lettera 22 na 32, Hermes 3000 na Olympia SM9 zote ni za aina hii ya pili, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuzitenga na nyingine. Kidole kile kile dhaifu kinachopiga a ndicho kinachoshika shifti ya kushoto. Kukinyanyulia keriji nzima mara mia kwa ukurasa ni kukionea.

Olympia ya zamani zaidi, SM3 ya miaka ya 1950, ni nzuri mno kwa sura na sauti, lakini keriji yake inanyanyuka. Hermes Baby, ndogo ya mwaka 1935 iliyoendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, nayo ni hivyo hivyo. Baby ni nyepesi, chini ya kilo 4, na ni ya mwandishi anayesafiri. Kwa kazi ya kurasa kumi kwa siku, hapana.

Kupima shifti piga HhHhHh, halafu utazame miguu ya herufi. Ikiwa H kubwa inaelea juu ya mstari au imezama, vituo vya shifti vimehama. Kwenye SM9 vituo hivyo vinafikika kwa bisibisi na nati ndogo. Unageuza kidogo, unapiga tena, unatazama. Kwenye Lettera kazi ni ile ile katika nafasi finyu. Hermes inadai uvue zaidi kabla hujaona unachokigusa.

Kuifungua na kuisafisha

Ugonjwa unaowafanya watu wengi waiuze taipureta kwa bei ya chini ni nyundo zinazonata. Unapiga kitufe, nyundo inakwenda kwenye karatasi na kubaki huko, au inarudi kwa uvivu. Muuzaji anasema imekufa. Mara nyingi haijafa.

Hermes 3000 ndiyo inayoonyesha hali hii waziwazi, kwa sababu grisi yake ya kiwandani huwa ngumu inapozeeka. Ukifungua moja iliyokaa miaka stoo, utaona ndani ya mifereji ya segmenti ukingo wa kahawia. Uguse kwa ncha ya sindano, unabanduka vipande. Chukua alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi, na mswaki wenye nywele ngumu. Tandika gazeti. Inua nyundo zote kwa pamoja kwa kiganja, chovya mswaki, sugua ndani ya mifereji kutoka pande zote mbili, ziachie, kisha piga kila kitufe mara nyingi. Maji meusi yatashuka. Futa, rudia. Raundi ya kwanza utaona nyundo zinarudi nusu njia, ya pili zinarudi kwa kujivuta, halafu inafika raundi ambayo unainua nyundo kwa kidole, unaiachia, na inaanguka yenyewe kwa uzito wake ikitoa mlio mdogo mkavu. Hapo simama. Usitie mafuta kwenye segmenti hata tone. Mafuta yanakamata vumbi na nyuzi za riboni, na baada ya miezi unarudi ulikotoka. Dawa za makopo za kulegeza kutu zinaleta hasara hiyo hiyo, na nimekutana na mashine nyingi zilizouawa na makopo hayo kuliko zilizouawa na umri.

Tahadhari moja: alkoholi hiyo inaweza kula rangi za zamani, na thina inakula rangi na plastiki pamoja. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na zuia matone yasidondokee bodi ya kijani ya Hermes. Bodi hiyo ikishachubuka haina dawa.

Lettera kwa upande wa uchafu ndiyo rahisi kuishughulikia. Kifuniko cha juu kinatoka kwa mkono, bamba la chini linatoka kwa skrubu chache, na ghafla unaiona yote ikiwa wazi, juu na chini. Mtu ambaye hajawahi kufungua taipureta aanzie hapa. Kitu cha kuangalia kwenye Lettera ni skrubu zilizolegea, hasa katika 32 zilizotumika sana. Mashine ikitetema na kupiga kelele kama sahani, zungukia skrubu zote kabla hujatafuta ugonjwa mwingine. Ninavyoona, Lettera 22 imekazwa vizuri zaidi kuliko 32, na nikikuta mbili zenye hali moja nachukua ya 1950.

SM9 ina sehemu nyingi na skrubu nyingi, lakini kila kitu kimepangwa kwa mantiki. Ukikumbuka ulivyovua, inarudi ilivyokuwa. Nyingi zina sponji ya kupunguza sauti iliyobandikwa ndani, ambayo kwa umri huu imegeuka unga au gundi. Iondoe yote. Ikiachwa, inadondoka ndani ya mitambo na kukutengenezea ugonjwa mpya wa kunata.

Ugonjwa mwingine unaotisha bure ni keriji isiyosogea. Unapiga, herufi zinaangukiana pahala pamoja. Kabla ya yote tazama kama uzi unaovuta keriji umekatika au umetoka kwenye ndoano yake. Keriji huvutwa na springi kubwa iliyoviringwa ndani ya kigurudumu, na kati ya kigurudumu na keriji kuna uzi mmoja tu. Ukikatika, mshipi wa kuvulia samaki unafanya kazi vizuri kabisa. Funga fundo gumu, zungusha kigurudumu mara chache kuirudishia springi nguvu, na ukishikilie kwa uangalifu. Ukikiachia kinafyatuka chote na kinaweza kukukata kidole. Kwenye Lettera na Olympia kazi hii unaifanya ukiona. Kwenye Hermes ya mviringo keriji imefunikwa zaidi, na utatumia ndoano ya waya na subira.

Mafuta yapo mahali pake: matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye reli za keriji, yakafutwa mpaka ibaki unyevu tu. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba hili lina uzito, kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma na chuma kitupu. Taipureta iliyoishi Iringa au Nakuru miaka yote kwa kawaida inakuja na vumbi. Iliyoishi pwani inakuja na kutu, na kutu kwenye springi ndogo za vitufe ni ile aina ya tatu ya ubovu. Ukinunua pwani, geuza mashine chini juu na utazame springi hizo kwa tochi kabla hujatoa pesa.

Mpira ndio unaoamua bei

Rola kubwa ndiyo inayopokea kipigo cha kila herufi. Ikiwa mpya inabonyea kidogo ukucha ukiigandamiza. Ikishakuwa jiwe, herufi zinatoboa karatasi, nukta zinaacha matundu, sauti inakuwa kali, na karatasi inateleza. Hapa Hermes 3000 inapoteza pointi ilizopata kwenye mguso. Rola zake zina sifa mbaya ya kuwa ngumu, na sijafurahia hata moja ambayo haijavishwa mpira mpya. Wapo mafundi Ulaya na Marekani wanaovisha rola upya, lakini kutuma na kurudishiwa kunaweza kuzidi thamani ya mashine. Rola za Olympia ninazokutana nazo huwa na hali nafuu, na Lettera zipo katikati.

Njia ya bei nafuu ni kuweka karatasi mbili, moja ya kuandikia na moja nyuma yake ya kupokea kipigo. Ya nyuma ikiwa nene kidogo ni bora zaidi. Ukurasa unabadilika hapo hapo. Nina watu wanaotumia Hermes hivyo mwaka baada ya mwaka na hawana malalamiko. Kupitisha msasa laini juu ya rola husaidia ishike karatasi, ila hakurudishi ulaini.

Rola ndogo za chini zikibonyea, karatasi inaingia upande. Mpira unaosinyaa kwa joto, ule wanaofunikia mafundi umeme kwenye maungio ya nyaya, unaweza kuvishwa juu ya rola hizo na kupashwa taratibu mpaka ushike. Kazi nzuri, ya gharama ndogo. Na mashine ikikaa bila kutumika, fungua kila mara mkono wa kulegeza karatasi ili rola zisibanwe mahali pamoja.

Olympia ina ugonjwa wake wa mpira ambao wanunuzi wengi hawaujui. Mitambo imekalia vikalio vidogo vya mpira ndani ya bodi. Vikioza, mitambo yote inashuka, keriji inaanza kukwaruza bodi, na kitufe cha nafasi kinagonga chini. Muuzaji atakuambia fremu imepinda. Pima mwenyewe kwa kuinua keriji kidogo kwa vidole. Ukiona mkwaruzo unaisha, ni mpira. Vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka washa za mabomba za duka la vifaa vya ujenzi vinatosha, mradi vyote viwe na unene mmoja.

Mashine nyingine ninazoulizwa

Imperial Good Companion ya Leicester, Uingereza, ilitoka mwaka 1932. Ni nyeusi, inang'aa, na familia nyingi zilizokuwa na karani au mwalimu bado zinayo mashine ya namna hii. Keriji inanyanyuka na mguso ni wa zamani. Historia ya kiwanda chake inatuhusu zaidi ya mashine yenyewe: mwaka 1974 wafanyakazi wenye asili ya Asia, wengi wao wakiwa wametoka Uganda na nchi jirani, waligoma hapo wakidai haki sawa ya ujira na heshima kazini, na mwaka uliofuata Litton, kampuni ya Marekani iliyokimiliki kiwanda, ikakifunga. Kama umerithi Good Companion, itengeneze. Kwenda kuitafuta ili uandike nayo kila siku, sikushauri.

Olivetti Valentine ya mwaka 1969, ile nyekundu ya plastiki ya Ettore Sottsass na Perry King, inaonekana kila mahali na bei yake iko juu. Ndani ni Lettera 32. Unalipia sanduku. Mwenye lengo la kuandika anunue 32 na tofauti ya bei aitumie kwa riboni na karatasi.

Brother ya Nagoya, Japani, ilianza kutoa mashine hizi mwaka 1961. Keriji inanyanyuka, bodi ni nyepesi, herufi zinatoka vizuri, na zinadharauliwa bila sababu. Mwanafunzi asiye na pesa ya Lettera achukue Brother nzima, akaiache Hermes mbovu.

Riboni

Zote tatu zinatumia riboni ya upana wa milimita 13, na ukipata riboni ya mashine yoyote ya kawaida unaweza kuiviringa upya kwenye vibiringo vyako. Vibiringo vya asili visitupwe hata vikiwa vimechakaa. Kwenye Lettera riboni inageuza mwelekeo yenyewe pale mvutano unapopanda mwishoni mwa kibiringo, kwa hiyo ncha yake lazima ifungwe imara. Ikilegea, inang'oka kabla ya kugeuka, na utadhani mtambo wa kugeuzia umeharibika. Jaribu pia swichi ya rangi. Nyeusi, nyekundu, na nafasi ya kati isiyopeleka wino, ambayo makarani na walimu wetu waliitumia kukata stensili (karatasi za nta za kurudufishia) za mitihani.

Herufi a, e, g na o zikitoka zimejaa doa jeusi, nyundo zimeziba kwa wino na nyuzi. Mswaki mkavu na sindano vinamaliza kazi kwa dakika chache. Fanya hivyo kabla hujalaumu riboni.

Uamuzi

Kama mashine itakaa mezani na utaandika kurasa nyingi, chukua Olympia SM9 yenye kibodi ya Kiingereza. Inavumilia, inarekebishika, na magonjwa yake mengi ni ya bei ndogo. Kama utaibeba kwenye daladala au matatu, utaandika mahali tofauti, na unataka kujifunza ufundi kwa kuifungua mwenyewe, Lettera 22, au 32 ukiikosa 22. Hermes 3000 iko juu ya zote mbili kwa raha ya kidole, na ukiipata ya mviringo ambayo rola yake bado inabonyea kwa ukucha, usibishane sana na bei. Rola ikiwa jiwe, punguza bei kwa kiasi cha kuivisha upya, au iache.

Na ukienda kuitazama, beba vitu vinne: karatasi mbili, tochi, bisibisi ndogo, na riboni yako mwenyewe. Wauzaji wengi wana mashine isiyo na wino, na hakuna namna ya kuijua a ya mashine isiyo na wino.